Kilima cha Unga Chini ya Msolo

Mpwa wangu alinionyesha video kwenye simu, tukiwa uani kwangu Rahaleo. Wasichana wa Ulaya, wenyewe wanajiita wachawi, tena kwa kujidai. Majani ya miti yao yakianza kupukutika wanapanga maboga na mishumaa mezani, wanawawekea marehemu wao sahani ya chakula, wanawaita kwa majina. Mpwa wangu alicheka mpaka machozi. Nilimwambia azime. Alidhani ni mambo ya dini, nami nikamwacha adhani hivyo.

Kwetu kijijini Ziwani mtu hajiiti mchawi. Anaitwa na wenzake, na akishaitwa hana pa kukimbilia.

Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Msumbiji, akavushwa Ruvuma akiwa mgongoni. Aliswali sala tano, na Ramadhani hakuacha kufunga hata alipokuwa hajiwezi. Ila kila mwaka, mabibo ya mikorosho yalipoanza kuanguka na shamba zima kunuka uchachu, alichukua unga wa mtama akaenda chini ya msolo, ule mti ulio nyuma ya nyumba, kuzungumza na wafu wake. Aliumimina polepole kwa vidole mpaka ukasimama kama kilima kidogo chenye ncha, akaufunika kwa bakuli. Asubuhi alifunua. Unga ukiwa umesimama, wamekubali alichoomba. Ukiwa umeporomoka, wamekataa, na Bibi hakubishana nao.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Aliwauliza kuhusu mjomba, kitindamimba wake, aliyetaka kuvuka mto Ruvuma pale Kilambo kwenda kuuza sabuni ng'ambo, Msumbiji. Mjomba alikuwa ameniahidi mkoba wa shule. Nilikuwa nabeba madaftari kwenye mfuko wa nailoni, wenzangu wananicheka, na mkoba ule niliutaka kuliko kitu chochote duniani.

Kulipopambazuka, Bibi akiwa bado kwenye mswala, niliwahi msoloni. Bakuli lilikuwa palepale. Nililiinua. Unga ulikuwa umelala upande mmoja, upande wa mtoni. Labda mkono wangu ulitikisika. Nimejiambia hivyo mara nyingi, na siamini. Nikapiga magoti, nikaujenga upya kwa vidole kama nilivyomwona akifanya, nikafunika, nikaenda kunawa.

Bibi alipofunua alitabasamu. "Wamekubali," alisema. "Ntoto aende."

Mjomba akaenda. Waliookoka walisema kiboko aliuinua mtumbwi katikati ya mto. Mtumbwi uliopolewa. Yeye hatujamwona mpaka leo.

Majirani hawakuchelewa. Walisema kizee yule amemtoa mwanawe kafara ili mikorosho yake izae, na mwaka ule, kwa balaa letu, ilizaa kweli. Wakaacha kunywa maji ya kwetu. Bibi hakujitetea. Lililomuumiza lilikuwa jingine. Siku ya arobaini alinikalisha karibu yake akaniuliza, mimi mtoto, kana kwamba ningejua:

"Mjukuu wangu, wazee wangu wamenidanganyia nini? Nimewakosea wapi?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nikasema, "Sijui, Bibi."

Hakumimina unga tena. Mtama uliobaki alitupikia uji. Aliishi miaka tisa baada ya hapo na sikumsikia akiwataja wafu wake hata mara moja. Mabibo yakianza kunuka alisimama mlango wa nyuma, akiutazama msolo, kisha akarudi ndani. Nilimwona kila mwaka, na kila mwaka nilinyamaza. Naona aibu hata kuyaandika haya.

Alipofariki watu walijaa, hata wale waliogomea maji yetu. Kwenye hitima shehe alimsifu. Mama huyu, alisema, aliziacha mila za giza angali na nguvu zake, akamrudia Mola wake peke yake, na sote tuige mfano wake. Wanawake ndani tukaitikia amina, na sauti yangu ndiyo iliyosikika zaidi.