Nzi wa Macho Meupe

Mtawa aliyetufundisha habari za viumbe katika shule ya wasichana ya misioni, pale Kasongo, alirudi kutoka likizo ya Ulaya na mirija miwili ya kioo iliyozibwa kwa pamba. Alikuwa ameibeba kifuani, ndani ya nguo, tangu kwenye ndege mpaka kwenye lori, isije ikapata baridi. Sisi tulitazamia picha za watakatifu na peremende. Ndani ya mirija mlikuwa na nzi.

"Hawa wana macho mekundu," alisema. "Na hawa macho meupe. Watatufundisha jinsi mtoto anavyorithi kwa baba na mama."

Tulicheka mpaka na yeye akacheka. Nzi wa ndizi, hawa hawa wanaozunguka mikungu nyuma ya jiko! Somo lile halikuwa katika programu yetu. Tulikuwa tunaandaliwa kufundisha watoto wadogo, na wakubwa wengi waliona kwamba kushona na hesabu kidogo vinatutosha. Mamere, ndivyo tulivyowaita watawa wote, alikuwa na mawazo mengine. Aliomba chupa tupu za dawa kule dispensari, akaomba chachu kwa mwoka mikate wa misioni, na saa ya mapumziko ya mchana akatufungulia darasa.

Mimi nilitoka Kabambare. Jirani yangu wa benchi alitoka mbali zaidi, Wamaza, binti wa wakulima, na kila mwanzo wa mwaka alitembea siku nzima kabla ya kupata lori. Kifaransa chake kilikuwa kizito, na wasichana wa mjini walimwigiza. Lakini macho yake! Mamere aliwalaza nzi kwa dawa ya usingizi, akawamwaga juu ya sahani nyeupe, akatupa kioo cha kukuza na unyoya wa kuku wa kuwasogezea. Sisi tulikunja nyuso na kubahatisha. Yeye hakugusa kioo. "Jike. Jike. Dume, huyu iko na mkia mweusi. Jike." Mamere alimfuata kwa kioo, na hakumkuta amekosea hata mara moja.

Tukawaozesha, kama tulivyosema wenyewe: majike wa macho meupe kwa madume wa macho mekundu. Kabla watoto hawajatoka Mamere aliandika ubaoni yatakayotokea. Mabinti wote watakuwa na macho mekundu. Watoto wa kiume wote watakuwa na macho meupe, kama mama yao.

Zamu ya kuwalisha ilikuwa yangu. Chakula chao kilikuwa ndizi zilizoiva, zikapondwa, zikachemshwa na chachu. Mamere alisisitiza zichemke sana, nami nikadhani ni usafi tu wa watawa. Siku moja nilikuwa na njaa ya bweni, ile inayokufanya uone hata chaki ni tamu. Nilikula ule uji wa ndizi wote, nikalamba na mwiko. Kisha nikaokota ndizi laini nyuma ya jiko, nikaiponda vivyo hivyo, nikaitia chupani.

Watoto walipotoka, mabinti walikuwa wekundu wote. Lakini kati ya madume weupe mlikuwa na madume kadhaa wa macho mekundu.

Mamere alihesabu tena. Akakaa. Siku zile alitembea na daftari mkononi hata akienda kanisani, na tulisikia kwamba ameanza barua kwa mwalimu wake wa zamani kumwuliza kama alimfundisha vibaya. Angeweza kuwafuta wale madume wachache, nani angejua? Hakufuta hata mmoja. Mimi sikuwa na ujasiri wa kuitaja ile ndizi ya nyuma ya jiko.

Ni jirani yangu aliyesimama. "Mamere, wale wekundu hawakuzaliwa na majike wetu."

"Wamezaliwa na nani basi?"

"Sijui. Lakini nzi wa jikoni wote wana macho mekundu. Naomba chupa moja. Nitatia ndizi ya jikoni, bila kupika, bila nzi hata mmoja. Tuizibe, tungoje."

Mamere alifungua kabati la chupa. Kisha alimpa chupa na kumwambia aizibe mbele yetu sote. Hakuna aliyemfundisha jambo lile. Alilitoa kichwani mwake, msichana ambaye wenzake walimcheka alipotamka neno "fenêtre", yaani dirisha.

Nilingoja zile siku kama mtu anayengoja kuitwa kwa mkubwa wa shule. Siku ya kumi au kumi na moja chupa isiyokuwa na wazazi ilijaa nzi, wote wa macho mekundu. Nzi wa jikoni walikuwa wametaga mayai ndani ya ndizi tangu nje, na bila kuchemshwa hayakufa. Darasa lilipiga makofi, mimi nikaanza kulia.

"Ni mimi," nikasema. "Nilikula chakula chao."

Nilijua wasichana waliorudishwa kwao kwa makosa madogo kuliko hilo. Mamere alichukua daftari, akalifungua kwenye ukurasa wa wale madume wekundu, akanipa kalamu. "Andika hapa ulichofanya. Chote, na ndizi uliitoa wapi." Niliandika huku ameshika ukurasa usikunjike. Hakuongeza adhabu nyingine, ila tangu siku hiyo alinitunzia kipande cha mkate kila zamu yangu ilipofika.

Tulianza upya. Safari hii ndizi zilichemka mpaka sufuria ikaungua. Watoto walipotoka, jirani yangu alihesabu sahani nzima. Mabinti wote wekundu. Madume wote weupe. Alihesabu tena, ingawa Mamere alimwambia imetosha.

"Kumbe macho ya mtoto wa kiume yanatoka kwa mama," alisema mwishoni.

"Kwa nzi, na kwa macho haya," Mamere akajibu. "Kwa watu kuna mengi bado hatujui."

Mwaka uliofuata darasa jipya lilipofika kwenye somo la urithi, Mamere hakusimama mbele. Alimwita jirani yangu ubaoni, akampa chaki. Yeye mwenyewe alikwenda kukaa benchi la nyuma, kati ya wasichana wapya, akafungua daftari lake, na kila binti yule wa Wamaza aliposema jambo, aliliandika.