Mashati Meupe ya Relámpago

Jasho la wanamuziki kumi na wawili likilala kapuni usiku mmoja tu, ua wetu mzima hapa mtaa wa Cayo Hueso, Havana, huziba pua. Aliyeweza kulivumilia ni Migdalia peke yake. Mume wake, Orestes, anapiga ngoma za konga katika bendi ya Relámpago, na tangu waoane Migdalia ndiye anayefua na kupiga pasi mashati meupe ya bendi nzima. Ahsante sijawahi kuisikia.

Alikuwa na utaratibu wake. Maji Havana hayatoki kila siku, na sabuni hadi uibembeleze. Basi huchukua shati moja moja akalipeleka puani. Hili jasho la kawaida, litasuuzwa. Hili limemwagikiwa ramu, lilowekwe. Hili la mpiga piano, mvivu yule, lipigwe upepo tu.

"Mwenzangu, mimi ningetapika," nilimwambia siku moja.

Akacheka. "Pua ndiyo inaniokolea maji, jirani."

Mwaka huu Orestes alimwahidi wimbo. Wimbo wenye jina lake, upigwe kwenye dansi ya Jumapili alasiri, mtaa wote ukisikia. Migdalia akashona gauni la manjano kutokana na pazia la sebuleni, akatualika ua mzima. Hakutaka kingine duniani ila hicho: kutajwa mara moja kwa wema mbele za watu.

Tukaenda. Wimbo ulianza taratibu, mtamu kweli, Wilmer mwimbaji akiisifu mikono yake yenye povu la sabuni. Migdalia alinishika mkono akaubana. Kisha ikafika ile sehemu bendi inapokoleza moto, mwimbaji anabuni maneno papo hapo na watu wanamwitikia. Kwetu maneno hayo huokotwa mtaani, umbea wa jikoni kwa mtu, na aliyetajwa hutakiwa acheke na acheze. Wilmer akatoa lake:

"Anamtafuta nani huyo kwenye shati?"

Waitikiaji wakajibu, "Ananusa! Ananusa!" Punde ukumbi wote ukadaka, watu wameinua pua juu kama mbwa wa jalalani. Zoraida wa ua wetu, aliyekuja kwa mwaliko wa Migdalia mwenyewe, akapaza sauti: "Wee Migda! Umeshampata huyo mwanamke, au bado unanusa?"

Migdalia akamtazama mumewe. Wilmer hajawahi kukanyaga ua wetu, kwa hiyo habari ya kunusa aliipata kwa mtu mmoja tu. Na mtu huyo alikuwa anacheka, meno yote nje. Piano ikanyamaza, ikawadia zamu ya ngoma na viuno, naye Orestes akazipiga konga kwa bidii ambayo sijawahi kuiona akibeba ndoo ya maji. Mpaka leo nikimwona anakula maharage yake uani, chakula changu hakishuki.

Jioni ile nilimsikia Orestes kupitia ukutani.

"Utani tu, mama! Mbona umenuna? Watu wameupenda. Jumapili ijayo wanakuja kuturekodi."

"Sawa," Migdalia alisema. "Lete kapu."

Wiki hiyo kamba ya kuanikia ilikaa tupu. Jumamosi alipiga pasi tangu asubuhi, akanyunyizia marashi ya kolonia kila shati. Yalitoka yamenyooka, kola ngumu, ungedhani ya maharusi.

Jumapili ukumbi ulifurika na feni zilikuwa zimekufa. Wimbo wa kwanza ulipita salama. Katika wa pili miili ikapata moto, kolonia ikaisha nguvu, na lile jasho la wiki nzima likaamka. Juu yake jasho jipya, juu yake ramu iliyochacha. Nilikuwa mbele, macho yakanitoka machozi. Uvundo huo sijui niufananishe na nini. Wachezaji wakaanza kurudi nyuma, mpiga trombone akamgeuzia mwenzake kisogo, na jamaa wa kurekodi akavuta fulana yake mpaka puani.

Na Wilmer, kichwa kitupu kile, akainua maneno yaleyale: "Anamtafuta nani huyo kwenye shati?"

"Ananusa! Ananusa!" ukumbi ukaitikia, safari hii watu wamebana pua, vidole vyote vinaelekea jukwaani.

"Msitafute mbali!" Zoraida akapiga kelele. "Ni nyinyi wenyewe, nguruwe nyinyi!"

Orestes alirudi kabla jua halijazama, kifua wazi, shati amelishika kwa vidole viwili. Migdalia alikuwa mlangoni na gauni lake la manjano, anakunywa kahawa.

"Migdalia! Hukuyafua?"

"Ningejuaje lipi chafu?" akamjibu. "Mimi nimeacha kunusa."