Miaka Sita ya Donat

Siku Donat alipotolewa maji tumboni, mkewe Wivine alikuwa kwenye benchi la hospitali ya Waafrika, mlango wa wodi umeachwa wazi kidogo. Aliona ndoo ikijaa, ikabebwa, ikaletwa nyingine. Ilikuwa mwaka 1951, na Albertine, mtoto wao wa pekee, alikuwa na miaka minne, amelala mgongoni mwa mama yake.

Donat alikuwa fundi wa boila katika karakana ya reli pale Élisabethville. Yeye na Wivine wote walitoka Mitwaba, wakaja mjini wakiwa maarusi wapya, wakapata nyumba ya vyumba viwili katika cité Albert, mtaa wa Waafrika. Pombe ilimwanza kama ilivyowaanza wenzake: bia ya Jumamosi, kisha bia ya kila jioni, kisha lutuku, ile pombe kali ya mahindi ambayo watu waliipika kwa kificho nyuma ya nyumba kwa kuogopa polisi. Mwaka ule macho yake yakawa njano, miguu ikavimba, tumbo likamtangulia njiani kama la mwanamke anayekaribia kuzaa, huku mikono ile ya kupinda chuma ikibaki mifupa.

Daktari Mzungu alisema kwa Kifaransa, na Alphonse, muuguzi wa wodi, akatafsiri.

"Baba Donat, munganga anasema maini yako imeharibika. Imejaa makovu. Ukikunywa tena, hata kopo moja, hautamaliza mwaka. Na chumvi uache."

"Na nikiacha yote?" Donat aliuliza.

Alphonse aliuliza kwa Kifaransa, akasikiliza jibu refu, akatafsiri kwa ufupi: "Utaishi. Lakini kovu haitatoka."

Miezi mitano Donat hakugusa kitu. Halafu ikaja arusi ya mdogo wake Léonard. Wivine alikuwa jikoni na wanawake, na aliporudi alimkuta mumewe ameketi wima mno, anaongea polepole mno.

"Baba Albertine, umekunywa?"

"Hapana," akasema, akimtazama machoni.

Wiki ile ile tumbo likajaa tena na akarudishwa hospitali. Wivine alimsamehe ile pombe. Lile "hapana" halikumtoka. Alilibeba miaka yote, naye Donat alijua kwamba amelibeba, kwa sababu alimwona akimkaribia mlangoni kila jioni, akivuta hewa puani kama mtu anayepima kama chungu kinaungua. Donat hakumkemea hata siku moja.

Toka kulazwa kule kwa pili, Donat aliacha kweli.

Na kuacha hakukuwa jambo la siku moja. Kazi ya boila ilimshinda, akahamishiwa stoo ya karakana, kuwapa wengine vyombo alivyokuwa akivitumia yeye. Samaki wakavu wa Pweto, aliowapenda kuliko nyama, hakuwala tena kwa sababu ya chumvi. Alikula bukari, ugali wa kwao, na lengalenga, mchicha uliochemshwa tupu, na Wivine akala vilevile ili asile peke yake. Wenzake walimwita Donat wa Mayi, yaani wa Maji, kwa lile tumbo na kwa kile alichokunywa sasa. Mwanzoni walimcheka wakimwita. Baadaye wakaacha kumwita kabisa, na hilo ndilo lililomuuma.

Saa za jioni ndizo zilikuwa mbaya, maana njia ya kutoka karakana ilipita mbele ya baa tatu. Akaanza kuzunguka njia ndefu, na njia hiyo ikampitisha kwa Feruzi, fundi cherehani, Mwislamu ambaye wazee wake walitoka Maniema. Kwa Feruzi hapakuwa na pombe, kulikuwa na chai ya tangawizi. Donat aliketi pale mpaka hamu ipite, akivuta uzi kwenye sindano, akishona vifungo. Siku nyingine uzi ulikataa kabisa kuingia sindanoni na Feruzi akajifanya haoni. Miaka ikapita hivyo. Albertine akakua akimjua baba anayerudi nyumbani na vipande vya uzi kwenye suruali, anayemsikiliza akisoma Kifaransa cha shule na kumsahihisha vibaya. Baba mwingine hakumkumbuka.

Jumapili moja ya Agosti 1957, baada ya misa, Donat alipita kwa Feruzi kisha akarudi kwa chakula cha mchana. Wivine alikuwa uani akitwanga sombe, majani ya mihogo. Alimsikia akikohoa, akatazama, akamwona ameinama ukutani, anatapika. Alidhani ni chakula. Kisha akaona wekundu, kitu kama divai, kimejaa kwenye vumbi na kwenye shati lake la misa.

Divai. Hilo ndilo lililomjia kwanza.

"Umekunywa!" alipiga kelele. "Miaka hii yote, Donat! Umekunywa!"

Donat aligeuka. Uso ulikuwa wa majivu.

"Hapana, Wivine," akasema.

Lilikuwa neno lile lile, na macho yale yale. Wivine aliutupa mchi chini, akampa mgongo. Hakumpa mgongo kwa muda mrefu, labda kwa kiasi cha kuvuta pumzi mara tatu. Alipomsikia akianguka akageuka, akaona kwamba ni damu, damu tupu, na haikatiki. Majirani walimbeba kwa mkokoteni. Alikata roho kabla hawajafika hospitali, na hakusema neno jingine.

Kwenye kilio watu walilala uani siku tatu. Kreti za bia zilikuja, kama desturi. Léonard, mdogo wa marehemu, alikunywa akalia kwa sauti: "Pombe imemuua kaka yangu! Alirudia, masikini, alirudia!" Watu wakatikisa vichwa. Feruzi alisimama katikati yao na kofia yake mkononi.

"Alikuwa kwangu toka misa," akasema. "Alikunywa chai. Mi mwenyewe njo nilimumiminia."

Wengine walisema chini chini kwamba Feruzi ni mtu mwema, lazima aseme hivyo.

Baada ya matanga Wivine alikwenda hospitali kumtafuta Alphonse. Muuguzi alimkalisha kwenye benchi.

"Mama, maini yenye kovu inafunga njia ya damu. Mishipa ya koo inavimba. Siku moja inaweza kupasuka, hata kwa muntu mwenye hakunywa. Munganga alisema toka mwanzo, na kisha mi nikamwelezea. Baba Donat akaniomba nisikwambie wewe. Alisema una woga wa kutosha."

"Basi kuacha kulimusaidia nini?"

"Angeendelea kunywa, asingemaliza hata mwaka ule. Alipata miaka sita."

Wivine alitaka kumwambia Alphonse habari ya zile pumzi tatu. Badala yake aliinuka, akamshukuru, akaondoka.

Nyumbani alimkuta Albertine amekaa kizingitini. Alikuwa na miaka kumi sasa, na alikuwa amesikia kila kitu kwenye kilio.

"Mama, baba alikunywa?"

"Hapana. Hakukunywa."

"Mbona walisema?"

"Hawakujua." Wivine alikaa chini karibu naye. Angeweza kuishia hapo. "Hata mimi nilimuuliza. Akaniambia hapana, na mi sikumwamini. Nilimupa mugongo, Albertine, akiwa anakufa."

Mtoto akainuka, akaingia ndani, akalivuta pazia la chumba. Alikaa siku mbili bila kumsemesha mama yake. Siku ya tatu alitoka akaketi naye kwenye sahani moja ya lengalenga isiyo na chumvi, kwa maana Wivine alikuwa ameshasahau kuipika namna nyingine, wakala pamoja.