Nimepigia zimwi makofi

Jioni hii nimesimama nikapigia zimwi makofi. Musicheke kwanza.

Jirani alitandika shuka ukutani, akatuonyesha filme ya kuogopesha, ile ya bei ya chini. Zimwi limejipaka unga wa muhogo, na saa inaonekana mukononi. Njo zenye ninapenda: unaogopa huku unacheka.

Basi zimwi likashuka katika mawingu.

Mwili wangu ukasimama wenyewe. Wakati wa Zaire, pale uwanjani karibu na gare ya treni, kila filme ilianza na picha ya Mukubwa wa inchi akishuka katika mawingu. Ulisimama, ukapiga makofi. Na kulikuwa muntu wa chama wa kuangalia nani amechelewa kusimama, na nani amekaa wa kwanza.

Vijana walinicheka. Lakini nyuma yangu nikasikia makofi mengine.

Papa Kalonda. Yeye njo alikuwa anatuangalia wakati ule.

Akaniuliza polepole: "Mama Zaina, mbona umeacha kupiga?"

"Na wewe, Papa, mbona ungali unaniangalia?"

Filme imekwisha, shuka limekunjwa. Papa Kalonda hajakaa. Mimi ninawaandikia hii nikiwa nimesimama.

Ungekuwa wewe, ungekaa wa kwanza?