Sista Anasema Kompyuta Haikumwonya, na Mimi Najua Hasemi Uongo

Admin, nifichie jina. Mimi ni dada wa miaka ishirini na sita, nakaa Njoro, naandika programu za kompyuta. Nimeposwa, mahari imeanza kupelekwa kwetu. Mchumba wangu anafanya kazi hiyo hiyo. Wazazi wake walichomewa nyumba Kuresoi kwenye fujo za uchaguzi za mwezi wa kwanza, wako kwenye hema hapa Nakuru, na mshahara wake ndio unawalisha.

Mwaka jana tuliandikia kliniki fulani programu ya wagonjwa. Mimi niliandika sehemu kuu, ya Mgonjwa. Kabla ya dawa kutolewa, inakagua kama mwili wake unaikataa, na ikikuta hivyo inaweka onyo jekundu. Yeye akaandika sehemu ya Mtoto, inayorithi yangu, yaani inachukua kazi zake zote, na kuongeza kupima dozi kwa kilo. Ukiandika upya kazi ambayo sehemu kuu tayari inaifanya, lazima uweke mstari wa kuiita ile ya kwanza ikague, ndipo yako iendelee. Usipoiita, kompyuta hailalamiki, inafanya yako peke yake. Yeye aliandika upya ule ukaguzi wa kabla ya dawa, na yangu hakuiita. Na sisi tulijaribu onyo kwa watu wazima tu.

Masista, wauguzi wa hiyo kliniki, niliwafundisha mimi kuitumia. Niliwaambia, "Msipoona nyekundu, peaneni dawa."

Mwezi uliopita msichana wa miaka minne aliletwa na nyanya yake, kifua kimembana. Mama yake alikuwa ameshasema zamani kwamba penisilini inamdhuru, na jambo hilo likaingizwa kwenye kompyuta. Nyanya hakujua. Sista aliangalia, hakuona nyekundu, akamdunga sindano ya penisilini. Mtoto alikufa njiani wakimkimbiza hospitali kubwa.

Sista ni wa kabila lingine, na mwaka huu mnajua watu walivyo. Kwenye mazishi nilimsikia mjomba wa mtoto akisema, "Huyo alijua anachofanya. Ni wale wale." Sista akahama nyumba yake huko Bahati, akawa analala kanisani.

Nilifungua nakala yangu ya programu nikaona ule mstari haupo. Nilipomuuliza mchumba wangu alisema, "Hiyo line nishaiweka kwa mashine ya kliniki. Wewe nyamaza tu."

"Na sista?"

"Nikifungwa, mathe na mzee watakula nini?"

Baadaye mwenye kliniki aliijaribu programu mbele ya polisi, baba wa mtoto, sista na mimi. Nyekundu ikatokea. Akasema, "Mnaona? Mashine iko sawa."

Sista akanigeukia. "Msichana wangu, si ni wewe ulitufundisha? Waambie siku hiyo haikuonyesha kitu."

Nilisema sijui. Najichukia tangu siku hiyo. Polisi wakaondoka naye, na wiki ijayo anapelekwa kortini.

Programu ya zamani, kabla hajairekebisha, ninayo kwenye flash ndani ya mkoba wangu. Jana mama mkwe alinipigia simu kutoka kwenye hema, akaniita binti yake, akaniuliza nataka harusini avae rangi gani. Ndugu zangu mnaosoma hapa, niambieni bila kunionea huruma. Niitoe hiyo flash, au niolewe?