Brashi ya Mama Ukoko

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, maji yamemfika kifuani na bado mwili haujakubaliana nayo. Mama Ukoko amesimama kwenye kona ya bwawa la kuogelea, chini ya ngazi ya chuma, anapapasa ukuta kwa ncha za vidole kama mtu anayetafuta swichi gizani. Macho ameyafumba. Anasema macho huongopa ndani ya maji, ila kidole hakina faida yoyote ya kuongopa.

Anachotafuta ni utelezi. Akiupata, hata wa ukubwa wa punje ya dengu, basi saa tatu atakuja mtu na futi yake kupima ni malori mangapi ya udongo yatatosha kulifukia bwawa hili ligeuke bustani ya maua.

Leo ni siku ya kumi na nne tangu asafishe mara ya mwisho. Mara mbili ameusafisha mwani mweusi wa bwawa hili ukaisha, na mara zote mbili umerudi siku ya kumi na nne, kona ileile.

"Ungekuwa kijana wa watu ningekuoza binti yangu," anauambia mwani bila kufumbua macho. "Unashika ahadi kuliko mkwe niliyenaye."

Jina la Mama Ukoko alilipata jikoni mwa shule, alikopika na kuosha vyombo kwa miaka tisa. Sufuria zilikuwa za kulisha wanafunzi mia nne, na wali ukiungua chini, ukoko wake ulishika kama saruji. Wenzake waliziloweka na kuzikimbia. Yeye alipiga magoti na kusugua.

Kisha jiko likafungwa. Wapishi saba waliambiwa ahsante wakiwa wamesimama mlangoni, na aproni zikabaki shuleni. Mshahara wenyewe ulikuwa wa kulipa kodi ya vyumba viwili na chakula cha wiki tatu. "Wiki ya nne tulikuwa tunaitafuta kwa tochi," anasema.

Kazi ya mabwawa aliingia kwa mlango wa nyuma. Alikuwa akifagia uwanja wa mkunga mstaafu, mwenye bwawa hili, pale mtu aliyelisafisha alipoacha kuja. Maji yakawa kijani, vyura wakahamia na familia zao. Mama Ukoko akaomba apewe brashi.

"Nililitazama nikaona ni sufuria tu," anakumbuka. "Tofauti ni kwamba hii unaisugua ukiwa ndani."

Miaka sita baadaye alikuwa na nyumba tano kwenye mtaa huohuo, moja kwa kila siku ya kazi. Nyumba mbili zilimlipia kodi, mbili zikaleta chakula, na ya tano ikamsomesha binti wa mwisho. Hakuna hata moja ya ziada.

Mwani wa kijani haujawahi kumnyima usingizi. Anausugua, anatia klorini jua likishazama ili joto lisiile dawa, pampu inakesha inazunguka, asubuhi maji yametakata. Mweusi una tabia nyingine. Unajichimbia kwenye lipu na kujifunika ute mzito kama koti la mvua, klorini inapita juu bila kuugusa. Koti hilo lazima lichanwe kwanza, tena kwa brashi ya waya, ndipo dawa iingie.

Alilichana. Likarudi. Akalaumu jua, akalaumu klorini ya dukani kuwa imechakachuliwa, akalaumu majani yanayodondoka, hata mbwa wa mkunga akasingiziwa kuogelea kwa siri.

Na bwawa lenyewe si la fahari. Mkunga ana miaka sabini na mmoja na nyonga yake ya kushoto imechoka. Daktari alimwambia aogelee kila siku, la sivyo atakaa kwenye kiti cha magurudumu. Mwani uliporudi mara ya pili, mguu wake uliteleza kwenye ngazi akaanguka ubavu. Hakuvunjika, ila hakusahau.

"Mwanangu, nimechoka kuogopa maji yangu mwenyewe," alimwambia Mama Ukoko. "Mwani huu ukirudi mara ya tatu, nalifukia."

Jibu halikutoka kwa fundi wa mabwawa. Lilitoka kwa fundi viatu, mume wa Mama Ukoko, aliyekuwa uani akinywa chai karibu na ndoo ambamo mkewe huiloweka brashi yake.

"Mama watoto, hii brashi huwa inaenda wapi na wapi?"

"Kote. Si ninayo moja."

"Kwa hiyo Alhamisi iko kwa mwenye duka la vipuri, Ijumaa iko kwa mkunga?"

"Enhe. Unataka kuiposa?"

Mumewe alichukua sindano yake ya kushonea soli, akachokoa kati ya nyuzi za waya, akatoa kijidonge cha ute mweusi na kukipaka kwenye kipande cha gazeti. Akakisogeza mbele ya mkewe.

"Mama watoto, wewe si msafishaji," alisema. "Wewe ni basi la abiria."

Mama Ukoko alikitazama kile kijidonge, akaelewa. Kila Ijumaa alikuwa akiung'oa mwani kwa mkono wa kulia na kuupanda kwa mkono huohuo.

Mumewe akamshauri aloweke brashi kwenye klorini na afunge mdomo. "Siri ya mtungi aijuaye kata. Nani atajua?"

"Mwani utajua," alimjibu. "Nyumba zote tano nimezipitia na brashi moja. Nikiponya moja nikaziacha nne, natwanga maji. Na siwezi kumwambia mtu aache kuogelea wiki nzima bila kumwambia kwa nini."

Kwa hiyo akaenda kupiga hodi, geti baada ya geti, kusema kwa mdomo wake kwamba ugonjwa wa bwawa lao umeletwa na yeye. Watatu waliguna, wakauliza maswali, wakakubali. Mwenye duka la vipuri alimsikiliza akiwa amesimama, kisha akanyoosha kiganja arudishiwe ufunguo wa geti.

"Miaka minne nakulipa uniletee maradhi?"

Alitaka kumwonyesha weusi ulioota nyuma ya ngazi yake, ambao mwenyewe hajauona. Geti lilifungwa katikati ya sentensi. Ndivyo nyumba ya tano, ile ya ada ya binti, ilivyoondoka.

Kwa mkunga alikwenda mwisho. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Miaka thelathini na miwili nimewafokea wanafunzi wangu: nawa mikono kabla hujamgusa mzazi mwingine," alisema. "Leo nasikia nimekuwa nikizalishwa kwa mikono iliyotoka kwa jirani bila kunawa." Alicheka mpaka nyonga ikamkumbusha. Kisha akakaza uso. "Lakini neno langu ni lilelile. Ukirudi, nalifukia."

Siku tano mfululizo Mama Ukoko alisugua, asubuhi na jioni, mpaka kucha mbili zikamtoka. Mchanga wote wa chujio ulibadilishwa. Ngazi ilifunguliwa ikaoshwa kwa klorini, na nguo zake za kazi pia. Alinunua brashi nne mpya, akaacha moja kila nyumba, na hairuhusiwi kuvuka geti. Baada ya hapo, akaanza kuhesabu siku.

Sasa kidole kinapita kwenye kona. Kinarudi. Kinapita tena, polepole zaidi. Mama Ukoko anafumbua macho.

"Mama, njoo. Mimi nishajidanganya mara mbili, sijiamini."

Mkunga anateremka ngazi, mkono mmoja chumani, mwingine kwenye bega la Mama Ukoko. Anaburuza kisigino ukutani, juu, chini, nyuma ya ngazi. Anakawia.

"Ukuta unakwaruza," anasema hatimaye. "Kama ulimi wa paka."

Getini, mwenye futi amewahi kufika. Mkunga anaagiza apewe chai na nauli, arudi zake. Kisha analiachia bega, anajilaza juu ya maji na kuanza kupiga mikono, taratibu, kuelekea upande wa pili.

Mama Ukoko anakamua maji kwenye nguo zake na kutaja mpango wake: Alhamisi atarudi kwa mwenye duka la vipuri. Ana watoto wawili wanaoipanda ngazi ile kila jioni, na weusi unateleza.

"Na akikufukuza tena?" mkunga anauliza akiwa katikati ya bwawa.

"Nitakuwa nimefukuzwa mara mbili, mama. Hodi hupigwa mara tatu."