Picha ya Mwisho ya Redio

Kinyozi huyu wateja walimwita Redio, na jina hawakumsingizia. Ukikaa kwenye kiti chake ulipata habari za mtaa mzima, nyingine hata hazijatokea. Basi ugonjwa wa misuli ulipomlegeza mapaja na kumkausha mdomo, mpaka kila sentensi ikataka funda la maji, watu wakasema Redio imeisha betri. Aliyecheka kuliko wote ni yeye mwenyewe.

Lisilochekesha lilikuwa lile alilosema daktari: ugonjwa huu adimu mara nyingi hutangulia saratani ya mapafu, na saratani yenyewe huweza kujificha hata miaka miwili. Na Redio alikuwa mvutaji sigara wa kupindukia. Aliziacha siku ileile, na kila baada ya miezi sita akawa anarudi kupigwa picha ya kifua. Leo miaka miwili ilikuwa imetimia, na picha ya mwisho ilishapigwa. Ikitoka safi, msako umekwisha.

Ndiyo maana yeye na mkewe walicheka ovyo tangu asubuhi, kicheko cha woga kisicho na breki. Mke alikuja na kiatu kimoja cheusi, kingine cha bluu. Walipogundua, wakiwa tayari kwenye benchi la kungojea majibu, walicheka hadi nesi akawatazama kwa jicho la pembeni.

Sasa, misuli ya Redio ina vituko. Ya watu wengine hutumika ikachoka. Yake hutumika kwanza ndipo ikaamka kidogo. Kwa hiyo hasimami hivihivi. Nesi alipomwambia ajiandae, alianza kukaza mapaja na kurusha miguu mbele, huku akihema kwa nguvu.

"Mwanangu, ndivyo wanavyotaka kabla ya kuingia?" aliuliza bibi mmoja aliyekaa ubavuni pake.

Redio alikuwa na maji mdomoni. Akaitikia kwa kichwa tu, akimaanisha ngoja nimeze, bibi. Bibi hakungoja. Akaanza kurusha miguu. Jirani yake akafuata, na wa pembeni naye, hadi benchi zima likawa linapiga mateke hewani.

"Na mimi mwenye plasta mguuni?" akalalamika mzee mmoja.

"Rusha ulio mzima, baba, watakuelewa!" bibi akamjibu.

Nesi alitoka akapigwa na butwaa. "Nani kawaambia mfanye hivi?" Vidole vyote vikamwelekea Redio. Mkewe alikuwa ameshikilia ukuta, mbavu hana.

Kicheko kiliishia mlangoni kwa daktari. Daktari alitazama picha, akairudia, akasogeza kiti. Redio alikunywa funda la maji, kisha la pili. Aliogopa, aliogopa sana, akakikamata kiganja cha mkewe.

"Mapafu ni safi," daktari akasema.

"Safi vipi?" mke akauliza.

"Safi, mama. Hakuna kitu."

Mke akaangua kilio, kisha kicheko, kisha vyote pamoja. Daktari akamngoja atulie, halafu akasema kwa upole, "Ila msinielewe vibaya. Ule wa misuli bado upo. Atakuwa nao, na dawa asiache."

Mke akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Huo niachie, daktari," akasema. "Huo tunaishi nao nyumbani. Mimi nilikuwa naogopa ule wa kunichukulia mume."